Viraka vya Matombo

Kila Jumanne na Ijumaa, masomo yakiisha, Shadia alivua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta, akafuta vumbi la mtaa wa Mwembesongo kwenye kioo kwa upindo wa sketi yake, kisha akakaa. Chumba kilikuwa na kompyuta tatu tu. Moja ilikuwa ya kundi lake la watu watatu: yeye, Hafidhi, na Mikaeli aliyehamia mjini kutoka kijiji cha Matombo, milimani, mwaka juzi.

Walikuwa wanaijenga Milima ya Uluguru ndani ya mchezo ambao dunia yake yote ni miraba. Walikuwa wameandika programu ndogo ya kuongezea kwenye mchezo huo, wenyewe wakiiita modi. Unaipa ramani, nayo inatandaza misitu, mashamba na mito, mchezaji anaingia na kutembea humo. Shida ilikuwa uchafu. Kila ilipotandaza ardhi, modi iliacha viraka mahali pasipo pake, mchanga wa jangwa majini au barafu katikati ya migomba. Kuvisafisha ilikuwa kazi ya Shadia.

Wazazi walikuwa waje kuona kazi zao Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kundi ambalo kazi yake ingeonekana mbovu lingenyang'anywa kompyuta, wapewe wanafunzi wa darasa la sita.

"Shadia, njoo uone maajabu," Mikaeli aliita Jumanne ile. "Jangwa katikati ya Mto Ruvu! Samaki wa kwako wanatoka kuota jua, eti?"

"Mwache, huo ni ufukwe," Hafidhi akadakia. "Watalii wanakuja."

"Ufukwe gani? Wiki ya tatu hii! Fundi uchwara huyu, atatuponza."

Shadia aliendelea kuutazama mto kwenye kioo. Hakuwa mtu wa kujibujibu. Alizoea kutazama kwanza. Lakini neno lile, fundi uchwara, lilimchoma kama mwiba wa samaki.

Kanuni yake ya kusafisha ilikuwa rahisi. Kiraka chenye miraba chini ya minane kilifutwa, mahali pake pakachukuliwa na ardhi iliyokizunguka. Nao walikubaliana tangu mwanzo kwamba asiwepo mtu wa kubadili namba hiyo peke yake. Lazima amwite mwenzake, waingie wote mchezoni, watembee, waone.

Wenzake walipotoka kwenda bombani kunywa maji, Shadia alifuta nane akaandika themanini. Mto ukatakata. Barafu ikatoweka. Ardhi yote ikawa safi kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

"Kumbe unaweza!" Mikaeli alisema aliporudi. Shadia akatabasamu, asiitaje namba. Jioni Hafidhi ndiye aliyefunga kazi na kuzima kompyuta.

Ijumaa, Mikaeli aliingia mchezoni akapanda mlima hadi kijijini kwao. Ghafla akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Msitu wetu uko wapi?"

Matombo yote ilikuwa migomba mitupu. Palikuwa na msitu mdogo wa ukoo wa mama yake, mahali wanapozikwa watu wao, mahali ambapo hata kijiti cha kuni hakiokotwi. Likizo nzima Mikaeli alikuwa ameuzunguka na bibi yake, bibi akihesabu hatua, yeye akiandika. Sasa haukuwepo. Na misitu ya koo nyingine haikuwepo pia.

Akafungua modi. "Themanini! Nani kaandika themanini? Hafidhi, ni wewe! Wewe ndiye uliyezima Jumanne!"

"Mimi? Nilizima tu!"

"Mwongo! Umezoea kuchezea vitu. Umelima makaburi ya kwetu, unacheka!"

"Nani kacheka? Nitakuzaba kofi wewe, mshamba!"

Mwalimu Winfrida, msimamizi wa chumba, akaingia kati yao. Akauliza nani aliyebadili namba. Akauliza tena, huku akiwatazama mmoja mmoja. Shadia alikodolea macho vidole vyake.

"Hafidhi, wewe ndiye uliyezima. Nenda nyumbani," mwalimu akasema hatimaye. "Usirudi humu mpaka nijue ukweli."

Hafidhi alichukua begi lake akatoka.

Shadia alibaki kuirekebisha kanuni. Akarudisha nane: misitu ikarudi, na mchanga nao ukarudi mtoni. Akaweka ishirini: nusu ya misitu ikapotea. Kwenye kioo kiraka cha msitu wa wazee na kiraka cha uchafu vilikuwa na ukubwa uleule. Aliyejua kuvitofautisha, Mikaeli, alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, amempa mgongo. Angemuulizaje bila naye kumuuliza ile themanini ilitoka wapi?

Jumatatu asubuhi alimwomba mwalimu awaite wote watatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, sema."

"Ni mimi niliyeandika themanini. Sikumwita mtu. Hafidhi hakugusa kitu."

Hafidhi akamgeukia. "Ukaniacha nifukuzwe. Ulikuwa umekaa palepale."

"Ndiyo."

"Sitaki pole yako."

"Na mimi msinipatanishe na Shadia," Mikaeli akasema. "Siku tatu namtukana mtu asiye na kosa kwa sababu yake!"

"Sijawaomba mpatane," mwalimu alisema. "Nimewaomba mkae kwenye kompyuta."

Wakakaa, hakuna aliyemtazama mwenzake. Shadia alionyesha kiraka kimoja baada ya kingine. "Hiki?"

"Uchafu," Mikaeli alijibu kwa ukali. "Jangwa huku kwetu liko wapi? Futa lote. Barafu pia. Futa."

"Na huu msitu?"

"Huo wa ukoo. Uache. Msitu mdogo ndani ya mashamba usiuguse kamwe, hata uwe na mti mmoja."

"Kwa hiyo tusipime ukubwa," Hafidhi akasema, bado amenuna. "Tuulize ni ardhi gani, na imezungukwa na nini."

Shadia akaandika hivyo. Safari hii walitembea mchezoni wote watatu, kutoka Ruvu hadi juu Matombo. Maji yalikuwa safi, na msitu ulikuwa umesimama mahali pake.

Mwalimu Winfrida aliutazama, kisha akasema, "Kompyuta haijui kaburi, haijui mchanga. Inafuta inachoambiwa. Anayejua ni mtu, naye ni lazima aulizwe. Shadia, ulipoificha namba yako ulimuumiza Hafidhi, na pia ulijinyima mtu pekee ambaye angekusaidia. Kosa likisemwa mapema, watu wengi wanaweza kulirekebisha. Likifichwa, unabaki nalo peke yako, nawe hutoshi."

Ijumaa kompyuta ilibaki kwao. Shadia hakukaa kitini. Adhabu yake ilikuwa kusimama nyuma ya wenzake kwa mwezi mzima. Wazazi walipouliza nani alisafisha mito, Hafidhi alijibu bila kugeuka, "Huyo aliyesimama. Muulizeni, atawaambia na alichoharibu."

Nao wakamgeukia Shadia, naye akawaambia yote.