Mikono ya Kiti cha Nyuma

Safari yenyewe Mama Bonge hakuiomba. Mumewe ni fundi wa lifti, na kampuni yao huwa na kawaida ya kumchagua mfanyakazi mmoja aende kupumzika na familia yake, sasa kura ikamwangukia Baba Bonge, basi wakafunga mabegi, chupa za mtoto, nepi, kofia, dawa ya homa, wakavuka maji hadi kwenye kile kisiwa ambacho watu huenda kutazama msitu na miji ya kale. Mama Bonge alikuwa na furaha na wasiwasi vyote kwa pamoja, kwa sababu mtoto alikuwa wa kwanza na hata kutambaa alikuwa bado, na mama wa mtoto wa kwanza hata ukimpeleka peponi atauliza kwanza kama huko kuna mbu.

Gari lilikuwa basi dogo lenye viti vya kitambaa kilichofifia. Kiongozi wa msafara, kijana mrefu mwenye kipaza sauti, alikuwa haishiwi maneno, mara mti huu, mara jiwe lile, mara ndege yule, mpaka abiria wakampachika jina la Redio, naye akalipokea kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema asubuhi ya kwanza, "kwenye msafara wangu mtoto hana mama mmoja. Mtoto ni wa gari zima."

Na ikawa hivyo. Bonge alipakatwa paja hadi paja. Alikuwa mzito, mashavu hayo, mapaja yamekunjamana kama unga uliokandwa.

"Huyu mnamlisha nini, saruji?" aliuliza Bibi Miwani, mama mtu mzima aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya gari.

"Maziwa tu, bibi."

"Basi na mimi niletewe hayo maziwa, nina magoti yamenigomea."

Kwa hiyo Mama Bonge akazoea. Mtoto akilia, mikono inajitokeza, unampitisha juu ya kiti bila hata kugeuka, unapumua. Ndivyo walimwengu wa kwetu walivyo, mtu akikunyooshea mikono ampokee mwanao humwulizi yeye nani, unaona haya hata kumkodolea macho.

Mji wa kwanza ulipita salama. Ngome, mizinga iliyoliwa na kutu, vichochoro vyembamba ambamo Baba Bonge alichungulia kila kisima alichokiona, mkewe akamwambia, wewe mtu wa mashimo, kazini mashimo, likizoni mashimo. Walicheka. Walipiga picha. Kisha gari likaingia msituni.

Huko msituni ndiko yaliko mahame, mji mzima uliohamwa, nyumba za mawe zisizo na paa, mizizi imekumbatia kuta kama vidole. Redio aliwasimamisha mbele ya nyumba moja ndefu.

"Hapa aliishi yaya," akasema. "Wanawake wa mji mzima walipokwenda mashambani, watoto wao waliachwa kwake. Siku watu walipohama, vita au maradhi, hakuna anayejua, kila mama alikuja mbio, akamnyakua wake mikononi mwa yaya, akakimbia. Hakuna aliyemshukuru. Hakuna aliyemuaga. Hakuna aliyemwambia tunakwenda wapi. Wakamwacha na mikono mitupu, jamani, na wanasema mpaka leo..."

"Mpaka leo huyo yaya angeshapata kazi kwingine," alidakia Bibi Miwani, na watu wakaangua kicheko.

Mama Bonge hakucheka. Alimbana mwanawe kifuani. Miguu ilitaka kuondoka, hakujua kwa nini, aliona tu kwamba Bonge anatazama mlango wa ile nyumba na ametulia, na Bonge si mtoto wa kutulia.

Walipoondoka mvua ilianza. Madirisha yakafungwa, vioo vikaingia ukungu. Baba Bonge, kwa sababu kona za msituni humtia kichefuchefu, alihamia mbele kwa dereva. Mama Bonge akabaki peke yake kwenye kiti cha karibu na mwisho, na Bonge akaanza kulia, kulia kwa kujinyonganyonga, chupa hataki, titi hataki, wimbo hataki, na yeye mwenyewe usingizi umembana na machozi yanamlenga, na abiria wote wamesinzia.

Mikono ikaja juu ya kiti. Kutoka nyuma.

"Nipe, dada," sauti ikanong'ona. "Nawe upumzike."

Akampitisha bila kugeuka. Bonge akanyamaza papo hapo. Nyuma yake mtu akaanza kumbembeleza kwa mlio wa puani, mlio wa chini, usio na maneno, na Mama Bonge akasema asante huku macho yakimfumbika.

Alipozinduka, mvua bado ilikuwa inapiga bati la gari. Mlio haukuwepo. Alinyoosha mkono nyuma, bado hajageuka, akisubiri kupokea.

Hakupokea kitu.

"Bibi," alimnong'oneza Bibi Miwani, upande wa pili wa njia. "Aliyekaa nyuma ni nani?"

"Nyuma? Nyuma kuna mabegi yetu tu, mwanangu."

Akageuka. Mabegi. Mwavuli. Jozi ya viatu vyenye tope. Basi.

Yowe lake ndilo lililosimamisha gari. Walitoa mabegi yote. Walilala sakafuni wakachungulia chini ya viti. Mlango haukufunguliwa, dereva aliapa. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Baba Bonge alimshika mkewe mabega, akamwuliza swali lilelile, tena na tena.

"Mtoto umempa nani, Mama Bonge? Umempa nani?"

"Mikono," akasema. "Nilimpa mikono."

Wote wakamgeukia Redio. Redio alikuwa kimya. Hilo ndilo lililomtisha Mama Bonge kuliko mabegi, kwamba yule kijana hakuwa na neno.

Mwishowe alimsogelea, akainama sikioni kwake.

"Mzee aliyenifundisha kazi hii alinionya. Hadithi ya yaya haisimuliwi gari likiwa na mtoto mchanga. Nilidhani anataka kunifanya mshamba. Nisamehe, mama. Tunarudi. Utaingia peke yako. Baba asiingie, waliokwenda kuchukua walikuwa akina mama. Mwambie umemfuata mwanao. Mshukuru. Muage. Usiongeze neno."

Dereva aligeuza gari bila kuambiwa.

Mahame yalikuwa yaleyale, ila mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kilikuwa kinadondosha maji. Mama Bonge alitembea, Redio nyuma yake. Aliusikia ule mlio kabla hajafika mlangoni, mlio wa puani, wa chini, wa mtu asiye na haraka.

Akainama, akaingia.

Bonge alikuwa chali juu ya baraza la jiwe. Mzima. Anarusha miguu. Anamchekea mtu aliyemwinamia. Juu yake hapakuwa na mtu.

"Dada," Mama Bonge akasema, maana hakujua amwite nani. "Nimerudi. Nimemfuata mwanangu."

Mlio ukakatika.

"Asante kwa kunilelea."

Alisogea. Alimwinua. Tumbo la mtoto lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma, na mdomoni ananuka maziwa, si maziwa ya kopo wala si yake yeye. Bonge akaangua kilio, akanyoosha mikono kurudi kule alikotolewa.

"Kwaheri, dada," akasema Mama Bonge, anarudi kinyumenyume. "Sisi tunakwenda."

Hapo mambo yangekuwa yamekwisha. Lakini mtu aliyelelewa akaleleka, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwenye kukufaa humwachi hivihivi, ulimi wake una njia yake, hausubiri akili.

"Nawe karibu kwetu," akasema.

Mlangoni, Redio alifumba macho.

Walisimama. Majani yalidondosha maji. Kisha mlio ukaanza tena, taratibu, na haukuwa ndani ya nyumba. Ulikuwa mbele yao, kwenye njia, unaelekea kwenye gari.

Mji wa mwisho wa kale waliutazama kupitia vioo. Redio hakushika tena kipaza sauti. Bonge alilia mpaka sauti ikamkauka, na katika gari zima hakuna aliyenyoosha mkono kumpokea. Bibi Miwani alikuwa ameikalia mikono yake.

Nyumbani wanakaa kwenye jengo la ghorofa, orofa ya juu, majirani wengi wao vijana wenye watoto wachanga. Mama Bonge alirudi kazini kwake, duka la dawa, mtoto akabaki na msichana wa kazi, binti mcheshi ambaye Bonge alimpenda. Baba Bonge alisema yamekwisha, tusiyazungumze. Lakini Mama Bonge moyo haukutulia. Alipima dawa huku anatazama mlango. Aliwapa wateja chenji mara mbili. Jioni alipanda ngazi mbio, anamnyakua mwanawe, anampa titi, Bonge anageuza uso. Ameshiba. Kila siku ameshiba. Anamtazama mama yake kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Umempa nini leo?" alimwuliza binti.

"Si nimempa hicho ulichoacha, dada," binti akajibu, na jibu lake lilikuwa na baridi.

Siku moja aliomba ruhusa, akarudi mchana. Alimkuta binti amefunga begi lake, ndoo na tambara la deki viko pembeni, sakafu ya sebule yote inang'aa maji.

"Nimepiga deki, nimemaliza," alisema binti, hamtazami. "Bonge amelala chumbani. Mimi naenda kwetu, dada. Kama mmepata yaya mwingine mngeniambia tu, si kuniacha nijionee mwenyewe."

"Yaya gani? Wewe, yaya gani?"

"Nikitoka kuanika nguo, nakuta mtoto ameshaogeshwa. Nikichemsha maziwa, nakuta ameshalishwa. Nasikia anabembelezwa, nikiingia, yeye anatoka. Mtu ana heshima zake, dada. Hata kazi ndogo ina kuagwa."

Akatoka. Mama Bonge akatoka nyuma yake, pekupeku, anamwita, anamsihi, ngazi kwa ngazi, mpaka orofa ya chini yake ambako jirani alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina povu la vyombo. Huyu jirani ana mtoto mchanga anayesumbuliwa na tumbo, mtoto ambaye tangu azaliwe jengo zima halijawahi kulala.

"Mama Bonge," akasema jirani, ametabasamu, "nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Huyo mama wenu wa kulea ana mikono ya baraka. Siku hizi wangu halii kabisa."

"Umemwona?"

"Kumwona nimwone saa ngapi na vyombo hivi? Huja nyuma yangu jikoni, nipe, dada, upumzike, nami nampa. Humrudisha ameshiba. Hata yule wa mlango wa pili anamsifu, na yule wa chini."

Hapo ndipo Mama Bonge alipolisikia jengo. Mchana mweupe, orofa hadi orofa, watoto wachanga kila mlango, na hakuna hata mmoja aliyekuwa analia.

"Wako yuko wapi sasa hivi?" alinong'ona.

Tabasamu la jirani likapungua. Aligeuza shingo taratibu kutazama ndani, kama anayekumbuka kwamba bado hajarudishiwa wake.

Mama Bonge hakusubiri. Alipanda. Alisukuma mlango. Alikwenda chumbani moja kwa moja, akamkuta Bonge kitandani, amelala, anapumua, tone la maziwa kwenye kidevu. Akamkumbatia. Akamkumbatia tena. Akatoka naye sebuleni.

Sakafu ilikuwa bado ina maji ya deki. Nyayo zake za kuingia zilionekana, zake tu, kutoka mlangoni hadi chumbani. Lakini katikati ya sebule palikuwa na doa kavu, la ukubwa wa mtu mzima aliyekaa chini, na kulizunguka kulikuwa na madoa mengine makavu, madogo madogo, ya mviringo, yamekaribiana kama watoto waliokalishwa wasikilize hadithi.

Alichuchumaa, Bonge kifuani, akaweka kiganja juu ya dogo lililokuwa karibu.

Lilikuwa na joto.