Mwanangu Alinizika Nikiwa Hai, Kaburi Alichimba Wakili Wangu

"Samahani kaka, baba wa huyu mtoto alishafariki."

Maneno hayo niliambiwa na mlinzi wa geti la shule, nimesimama mbele yake mzima wa afya, natokwa jasho, nahema...

Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia aache utani, baba mwenyewe ndiye mimi, aniitie binti yangu wa darasa la nne. Akanipima kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akamwita mwalimu. Mwalimu naye akasema yale yale, tena kwa upole, kwa sauti ile watu wanayotumia kwa mgonjwa. Shule nzima inajua kwamba baba wa mtoto huyu ni marehemu.

Nikauliza nani kawaambia.

"Mtoto mwenyewe," mwalimu akasema.

Na hapo hapo nikamwona. Anatoka darasani na wenzake, begi mgongoni, karefuka kiasi kwamba sketi imepanda juu ya magoti. Nikamwita. Akageuka, akasimama. Alinitambua, naapa alinitambua. Kisha akamshika rafiki yake mkono, wakarudi darasani.

Mnaosoma hapa, kama una mtoto, niambie ungefanya nini. Mimi nilishindwa hata kuondoka, mlinzi ndiye aliyenisogeza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hasira niliyonayo ina jina na ina ofisi ghorofani.

Mimi ni fundi makochi. Pale karakana wananiita Petroli na sijawahi kubisha, maana nawaka upesi. Sijawahi kuinua mkono kwa mtu yeyote, lakini mdomo wangu ukifunguka hata majirani hupunguza redio. Mama mtoto alichoka na kelele, akarudi kwao na binti yetu. Akasema nikitaka kumwona mtoto, mahakama ndiyo iseme.

Nikasema sawa, na iseme. Ndiyo nikamtafuta wakili.

Huyu wakili mimi namwita Usijali, kwa sababu hilo neno halikumkauka mdomoni. Siku ya kwanza nilifoka ofisini kwake nikielezea mambo yangu. Yeye katulia, anatikisa kichwa, suti imenyooka. Nilipomaliza akaniambia mtu mwenye moto kama wangu akisimama mbele ya hakimu anajimaliza mwenyewe. Akanipa masharti. Nisikanyage mahakamani. Nisimpigie mama mtoto, tena nimblock kabisa. Nisikaribie shule. Mtoto nisimtumie hata salamu, maana kila nitakachosema kitageuzwa kuwa ushahidi.

"Wewe kaa kimya, mimi ndiye mdomo wako," akasema. "Usijali."

Na mimi nikaona ana akili! Najijua jamani. Nilikuwa nauogopa mdomo wangu kuliko nilivyomwogopa hakimu. Nikatii kila kitu. Hata njia ya kwenda kununua vitambaa nilibadilisha, nisije nikapita karibu na shule nikakutana naye.

Nikipiga simu kuuliza kesi imefikia wapi, imeahirishwa. Mara hakimu anaumwa, mara yuko likizo, mara faili limehamishwa. Siku ya kuzaliwa ya binti yangu ikapita. Siku hiyo nilipigilia misumari kwenye kochi la mteja mpaka bosi akaniuliza hilo kochi limenikosea nini.

Muhula ukaisha, ukaanza mwingine. Siku moja nikashindwa. Nikavua aproni, nikatoka mbio hadi shuleni kumwona walau kwa mbali... na hayo ndiyo mambo niliyoyakuta.

Kesho yake mama mtoto akaja karakana. Aliingia bila hodi, macho mekundu, mafundi wote wakazima mashine zao. Akaniuliza nimepata wapi ujasiri wa kwenda shuleni kumvuruga mtoto. Nami nilikuwa tayari kuwaka, petroli kweli kweli, nimuulize ni mama gani anamfundisha mtoto kusema baba yake kafa.

Hakunipa nafasi.

"Jumamosi zote zile ulikuwa wapi?"

"Jumamosi gani?"

"Usinifanye mtoto. Jumamosi ulizopewa na mahakama."

Nikamkodolea macho. Akadhani najifanya, akaanza kumwaga yote. Kumbe mahakama ilishaamua zamani! Kila Jumamosi asubuhi mtoto apelekwe ofisi ya ustawi wa jamii, baba amwone pale, na mambo yakienda vizuri akae naye kutwa. Siku ya hukumu upande wangu hakukuwa na mtu hata wa kukohoa, hakimu akaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto tu.

Na yeye, mwanamke niliyekuwa nikimwita adui yangu, alitii. Kila Ijumaa jioni alimsuka binti yetu. Asubuhi akamvalisha, wakaenda, wakakaa kwenye benchi. Mtoto alikuwa anaamka kabla ya mama yake. Mlango wa ile ofisi ukifunguliwa anainuka, akiona si mimi anakaa. Mama mtoto alinipigia, simu haiingii, si nilishamblock. Akapiga ofisi ya wakili wangu, karani akamwambia ujumbe utanifikia. Mwisho akasema moyoni kama mwanaume hataki, habembelezwi.

"Siku moja akaniambia nisimsuke tena," akasema, na hapo sauti yake ikashuka. "Akasema, mama, tuseme baba alikufa. Eti aliyekufa haji kwa sababu hawezi. Siyo kwamba hataki."

Nilikaa kwenye robota la sponji nikalia. Mbele ya mafundi wote, mimi Petroli, nikalia kwa sauti na sikuona aibu.

Mama mtoto akanitazama usoni. Ananijua, anajua nikidanganya ninakuwaje. Akavuta kigoda akakaa.

"Kwani wakili wako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

Najua mnawaza nini, maana hata mimi niliwaza hivyo hivyo. Kwamba wakili kanunuliwa na upande wa pili. Ila upande wa pili wenyewe ndio ule umekaa kwenye kigoda unanipa kitambaa nifute machozi. Sasa nani alimnunua, na kwa faida gani? Nikapanda ngazi za ofisi ya Usijali na swali hilo, kila ngazi hasira inapanda na mimi.

Karani akaniambia bosi yuko mahakamani. Lakini mlango ulikuwa wazi kidogo na sauti yake naisikia. Nikausukuma.

Alikuwa kwenye kiti chake, kavua viatu, anachokonoa meno, anaongea na simu.

"Ndiyo natoka mahakamani sasa hivi, mama. Imeahirishwa. Usijali."

Jamani... Ile sauti ni ile ile. Yale maneno ni yale yale niliyokuwa nikiyapokea mimi, nimeshika simu kwa mikono miwili, nasema asante mheshimiwa!

Akaniona, akakata simu, akatabasamu. Nikamuuliza kesi yangu imefikia wapi. Akasema imeahirishwa. Nikamuuliza kesi yangu ni ipi. Akakuna kidevu, akatazama mafaili yaliyorundikana chini ukutani.

"Wewe si wa ile ya kiwanja?"

Hakuwa ananijua. Mtu niliyempa mdomo wangu ausemee hakuwa ananijua.

Nikamweleza taratibu. Nikamwambia mimi ni yule wa mtoto, na kwamba nasikia hukumu ilishatoka. Nilitegemea atashtuka, atababaika, ataanza kuomba msamaha. Badala yake akapiga simu kwa mtu wa mahakamani, akaitikia mhm, mhm, kisha uso mzima ukang'aa. Akainuka vile vile pekupeku, akaninyooshea mkono.

"Hongera, fundi. Tumeshinda."

Nirudie kwa waliosoma haraka. Wakili wangu alikuwa hajui kwamba tumeshinda. Hakununuliwa na mtu yeyote. Hakwenda tu! Aliwasilisha madai siku ya kwanza, basi, mengine yote alikuwa akiyatunga kwenye kile kiti. Bora hata angenunuliwa, ningejua kuna mtu aliniona nina thamani ya kupigwa vita. Huyu alinisahau, na huku akiniamuru nikae kimya.

Nikamwambia mwanangu alikaa kwenye benchi ananisubiri, mpaka akaamua nimekufa.

"Hayo ni mambo ya kifamilia," akasema. "Kisheria umepata ulichotaka. Sasa unakasirikia nini?"

Karani alishasimama mlangoni, nadhani alitegemea ngumi. Sikumgusa. Mkono wake niliuacha ukining'inia, nikabeba faili langu mwenyewe kutoka kwenye lile rundo. Nikatoka hadi sebule ya kusubiria, palikuwa na watu wamekaa kwa adabu na vitambulisho vyao mapajani. Nikawaambia kwa ule mdomo wangu wote, majirani wa ghorofa zote wapunguze redio zao:

"Nendeni mahakamani wenyewe mkaulize. Leo hii!"

Mama mmoja akachukua mkoba wake akanifuata ngazini bila kuuliza kitu.

Masjala ya mahakama walinipa nakala ya hukumu bila shida. Yule dada wa dirishani aliniambia kesi hizi ziko wazi kwa mwenye kesi, mtu anakuja tu anauliza. Anakuja tu anauliza! Malalamiko dhidi ya Usijali nimeshayafikisha kunakohusika na nitayafuatilia kwa miguu yangu.

Jumamosi nilifika ustawi kabla hawajafungua. Binti akaja na mama yake, nywele hazijasukwa. Akakaa upande wa pili wa meza, akawa anachora, hanitazami. Nilimweleza yote, kwamba nilidanganywa, kwamba sikujua, kwamba kila siku nilimkumbuka. Akaendelea kuchora. Sikumlazimisha. Muda ukaisha hajanipa hata neno moja.

Walipofika mlangoni akasimama, bado kanipa mgongo.

"Jumamosi ijayo utakuja mwenyewe, au utamtuma mtu?"

Ndugu zangu, wakili mwekeni, wazuri wapo na wanafanya kazi. Lakini akikuambia usikanyage mahakamani, siku hiyo hiyo nenda. Kaa benchi la nyuma, funga mdomo, fungua masikio. Kesi ni yako, na anayesubiri mwisho wake anakusubiri wewe, hamsubiri wakili.

Binti yangu nilimjibu nitakuja mwenyewe. Hakugeuka, lakini alisubiri hadi nilipomaliza kujibu ndipo akatoka.