Siti ya Nyuma

Pikipiki iliegeshwa uani, haina mtu, lakini shokapu zake za nyuma zilikuwa zimebonyea.

Mke wa askari wa msitu ndiye aliyeona, akianika nguo. "Mume wangu, hili dude umelipakia nini?"

"Sijapakia kitu. Nimewanyang'anya wale vijana wanaochezea pikipiki msituni. Mvua ikanikuta, nikaliendesha."

"Si mlikatazwa?"

Alicheka. Pikipiki inayokamatwa ndani ya msitu ule wa umma husukumwa mpaka getini, injini imezimwa, hata kwenye matope. Waliomfundisha kazi hawakueleza sababu. Yeye alidhani ni mateso tu ya mabosi.

Jioni ekzosi ilianza kulia, tik, tik, kama chuma kinachopoa, ingawa hakuna aliyewasha injini tangu jana. Jikoni kukanuka majani yaliyooza.

Asubuhi shokapu zilikuwa zimeinuka. Mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, hakuweza kuinuka.

"Kuna mtu mgongoni," alinong'ona. "Amenishika kiuno, kama abiria."

"Usiseme hivyo."

"Ananipumulia shingoni. Mikono yake inashuka tumboni."

Mganga aliyeitwa, mwanamke mnene mwenye kikohozi, alisimama mbali na pikipiki.

"Huyu hakuwavamia, mwanangu. Injini ilinguruma mlangoni kwake, akadhani amekuja kuchukuliwa, akapanda. Mrudishe kwa miguu. Ukiwasha tu, atapanda tena, na akishuka hatashuka bila mtoto."

Walimbeba mkewe hadi uani. Alipoigusa siti, shokapu zilibonyea, naye akasimama wima, akilia.

Askari akaanza kusukuma, jua likiwa utosini.

"Afande, mafuta yamekata?" jirani alimtania.

Askari alizidi kusukuma. Alivuka geti, akapita chini ya mnyororo uliofunga njia, na kadiri miti ilivyosongamana ndivyo mzigo ulivyozidi, mpaka magurudumu yakawa yanachimba udongo kama ya lori, na pumzi yenye ubaridi wa shimo ikatua kisogoni pake, ikatulia hapo, huku kitu chembamba kama kidole kikipapasa mfuko wa suruali yake, taratibu, bila hasira, kikitafuta ufunguo, naye akiubana kwa kiganja na kusukuma, akiubana na kusukuma, hadi pale alipowakamata vijana.

Shokapu zikainuka. Majani yakatikisika, yakanyamaza.

Aligeuza pikipiki, nyepesi kama baiskeli, akarudi akiisukuma huku akicheka peke yake. Mnyororo wa getini aliukuta chini, umekatwa.

Injini zikanguruma nyuma yake. Vijana wale wale walikuwa wakitoka msituni, kila mmoja peke yake kwenye pikipiki yake.

"Afande, panda bwana! Unasukuma kama toroli?"

"Hii yangu leo imekuwa nzito," mwingine alilalamika. "Sijui ina nini."

Askari aliangalia shokapu zao. Zote zilikuwa zimebonyea.

Walishika njia ya kuelekea mtaa wa askari, ambako mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Askari alikuwa na ufunguo mkononi, na pikipiki ingewafikia mara moja. Kisogoni, ile pumzi ikarudi, ikangoja.

Akautupa ufunguo majanini, akaiangusha pikipiki, akakimbia kwa miguu. Alikuwa hajafika barabarani aliposikia injini zikizimwa, moja baada ya nyingine, upande wa nyumbani kwake.