Mkono Juu ya Mzoga wa Nyati

Kitendawili cha Rosaline kilikuwa hakijapata jibu barabara ilipokatika.

"Mgeni wangu haalikwi, hanawi, na anaanza kula kabla ya mwenye nyumba," alikuwa ametega.

"Si huyo ni mheshimiwa wetu," Kiptum alijibu, mikono kwenye usukani, na Wamalwa aliyekaa nyuma ya pikapu akacheka mpaka akakohoa.

Walikuwa wametoka Endebess kupanda msitu wa Mlima Elgon, wakitafuta mitamba wawili wa Rosaline waliopotea. Rosaline alikuwa mama wa makamo kutoka Mabanga. Kiptum alikuwa jirani mwenye gari na koti jekundu. Wamalwa alikuwa mume wa Phelista, binti ya Rosaline, na baba wa mjukuu wake Viola; kazi yake pale Kitale ilikuwa kupiga picha za mashamba kwa droni. Kiti cha mbele kilikuwa na nafasi ya watatu, lakini kwao Mabanga mkwe hakai bega kwa bega na mama wa mkewe. Hamshiki mkono. Hata kikombe hampi mkononi. Anakiweka chini, anarudi nyuma, mama anakuja kukiokota. Kwa hivyo Wamalwa alikaa nyuma juu ya magunia, akinyeshewa, na sanduku la droni mapajani.

Ukingo wa barabara uliondoka mzima mzima, na majani yake. Pikapu ikalala ubavu, ikabiringika, ikasimamishwa na mianzi huko bondeni. Waliokaa mbele walitoka na michubuko. Aliyekaa nyuma alirushwa, na bati la ubavu wa gari likampasua paja tangu karibu na nyonga hadi juu ya goti.

Kiptum alitazama lile paja mara moja tu. "Nashuka kuita watu. Kesho mapema mtaniona."

Usiku ule mvua ikamwagika tena. Kesho ikaja, ikapita. Kiptum hakuonekana. Chini huko mto ulikuwa unanguruma kama mashine ya posho.

Asubuhi ya pili kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Wamalwa alikuwa amekifunga kwa shati lake, na shati lilikuwa limegeuka ngozi ya pili, gumu, la rangi ya chai ya jana. Alipojaribu kulibandua, maji ya manjano yalichuruzika mpaka kwenye soksi. Nzi wa kijani wakashuka, wakajipanga kwenye mdomo wa kidonda kama wageni kwenye matanga.

Rosaline alikuwa amegeuza uso, leso puani. "Hao ndio jibu," alisema.

"Jibu gani, Mama?"

"La kitendawili. Mgeni asiyenawa."

Mwanamke huyu alizoea kuosha sufuria mara mbili, ya kwanza kuondoa uchafu na ya pili kuondoa wazo la uchafu. Sasa alikuwa na tope kwenye meno. Maji waliyokunywa walikuwa wameyakamua kutoka kwenye majani laini kama sponji yaliyoota kwenye magome ya miti, na yalikuwa na ladha ya mbwa aliyelowa.

"Mama, nenda peke yako," Wamalwa alisema. "Fuata mto."

"Kushoto ama kulia?"

Hakujua. Mianzi ilikuwa imefunga kila upande. Kushoto palisikika maporomoko, kulia pia palisikika maporomoko. Kukosea hapo ni kuanguka, na kukaa ni kumwangalia huyu kijana akioza mguu na baadaye mwili.

Ilibaki droni na betri moja, iwatazamie njia kutoka juu.

Mara ya kwanza walifanya kama watu wanaoanika mahindi. Rosaline alitandika gunia safi chini, vile mtu anavyotandika turubai la kuanika, ili droni itue pakavu. Hakuweka mawe pembeni. Droni ilipaa kidogo kujaribiwa, ikarudi kushuka, na upepo wake ukainua gunia, gunia likalamba mapanga yake yanayozunguka. Mawili yakavunjika. Wamalwa alibadilisha kwa mapanga ya akiba, halafu akafunga sanduku tupu.

"Hakuna mengine, Mama. Ikianguka tena tumekwisha. Lazima itue mkononi. Na hapa mianzi imeziba juu, haiwezi kupaa mbali."

"Pa wazi ni mahali pamoja tu," Rosaline alisema polepole. Alikuwa amepaona alfajiri alipokuwa akitafuta maji, na alikuwa ameomba asipaone tena.

Lilikuwa dimbwi la nyati. Tope jeusi la kufika kiunoni, na juu yake anga kubwa, safi. Katikati alilala nyati aliyekufa. Tumbo lilikuwa limevimba hadi likapasuka, na ndani ya mpasuko ule funza walikuwa wanachemka kama uji. Hapakuwa na pengine pa kusimama. Wamalwa alijikokota kwa makalio hadi ukingoni, akaegemea mti, rimoti mkononi. Droni aliiweka juu ya jani, akarudi nyuma. Rosaline akaiokota.

Kisha akalivuka tope, akapanda mzoga.

Ngozi ilibonyea kwanza, halafu ikatoa upepo. Uvundo ulimpiga usoni kama mlango. Akatapika kile kidogo kilichokuwemo, akajifuta kwa bega, akatafuta mbavu kwa nyayo mpaka akapata ngumu.

"Inua mkono, kiganja wazi. Kichwa nyuma," Wamalwa alisema. "Sasa."

Droni ililia, ikaacha kiganja chake, ikapanda. Kwenye kioo cha rimoti Wamalwa aliona mianzi, kisha mto wa kahawia, kisha mgongo wa kilima. Aliposukuma kuvuka kilima, kioo kikawa cheusi.

"Nini?"

"Mawasiliano yamekatika. Itatembea kidogo, halafu itarudi yenyewe. Kamera haijazima, Mama. Njia yetu iko ndani ya ile kadi, sijaiona bado. Ikizama hapo kwenye tope, imezama na njia."

Wakangoja. Nzi walimkalia Rosaline kope, wakamtembea midomoni. Kitu chenye baridi kilimpanda kifundo cha mguu, kisha kingine, kisha vingi. Alijua ni nini. Hakutazama.

Mlio ukarudi kabla ya droni kuonekana. Ikaja juu yake, ikaanza kushuka, ikasita futi chache juu ya kiganja, kisha ikaruka juu tena.

"Inanikimbia!"

"Ina macho tumboni. Ikiona mkono inafikiria ni kitu cha kugonga. Usiifuate, ukiifuata inatoroka. Wewe kuwa meza. Mimi ndio nitaileta."

"Meza haina funza kwenye miguu, bana!"

"Mama, tafadhali. Betri inalia."

Ilikuwa inalia kweli, pii, pii, kama kifaranga kilichopotea. Rosaline akafunga mdomo ili nzi wasiingie na akawa meza. Funza alimfika nyuma ya goti. Nzi mmoja aliingia puani, akamwacha. Machozi yalimtoka, na mkono haukusogea. Upepo wa mapanga ukamrushia usoni ule uvundo wote, mbichi, wa moto. Droni ikashuka. Ikasita. Wamalwa akabonyeza rimoti chini, akashikilia, na miguu midogo ya droni ikagusa kiganja.

"Shika tumbo! Si mapanga! Shika tumbo!"

Akashika. Ikapigana naye kama kuku anayechinjwa. Panga moja likamchana kidole gumba. Halafu ikanyamaza.

Rosaline aliteremka, akazama, akaogelea lile tope kwa kiwiko kimoja, droni juu ya kichwa. Akafika mbele ya mkwe wake, akitiririka weusi.

"Weka chini, Mama, nitachukua," Wamalwa alisema kwa mazoea, macho ameyainamisha.

Rosaline alitazama chini. Chini kulikuwa na tope, matapishi na nzi.

"Chini wapi, Baba Viola?" aliuliza. "Lete mkono."

Wamalwa alisita zaidi ya ile droni. Kisha akanyoosha mkono, na vidole vyao vikagusana, vyote vikinuka.

Kadi ilikuwa ndogo kama ukucha. Waliiingiza kwenye simu ya Wamalwa, iliyokosa mtandao tangu ajali, wakainamia kioo pamoja. Kulia, mto uliingia kwenye shimo la mawe. Kushoto, nyuma ya maporomoko madogo, mti mkubwa ulikuwa umeanguka, umelala ng'ambo hadi ng'ambo. Na upande wa pili palikuwa na moshi, na watu wadogo kama sisimizi wakizunguka ukingoni, mmoja wao na koti jekundu.

"Kiptum!" Wamalwa alisema. "Maji yamewazuia. Hawajui kuna ule mti."

Rosaline alichana leso yake vipande viwili. "Fungua suruali."

"Mama, haiwezekani."

"Nimesimama ndani ya nyati leo. Usiniambie kisichowezekana."

Alibandua shati. Usaha ulimruka hadi kwenye kidevu. Akakohoa, akatema pembeni, akamkamua kidonda mpaka damu nyekundu ikatokea, Wamalwa akiuma kipande cha mwanzi na kulia bila aibu. Akafunga. Kisha akaingiza kichwa chini ya kwapa lake, akamwinua.

"Egemea. Egemea kabisa, si kunipa uzito nusu nusu."

Walipita kwenye mianzi wakianguka na kuinuka. Kwapa la Wamalwa lilikuwa likinuka uchachu kama maziwa yaliyosahauliwa, na jasho la Rosaline halikuwa bora. Kwenye mti ulioanguka walivuka kwa makalio, yeye mbele, mkwe ameshika mkanda wa nguo yake, mto ukiwarushia povu miguuni. Katikati Wamalwa alianza kulegea.

"Kitendawili!" Rosaline alipiga kelele bila kugeuka.

"Te... tega."

"Ndege wangu hali, hanyi, na bado amenipaka uchafu wote wa dunia."

"Droni," Wamalwa alisema, na akashika mkanda tena.

Kiptum ndiye aliyewaona kwanza. Alikimbia mikono wazi, akafika hatua chache, akasimama, akaziba pua. "Wooi! Nyinyi ni wazima ama ni maiti?"

"Chukua huyu," Rosaline alisema. "Na uniletee sabuni kabla ya chai."

Mitamba wale walirudi wenyewe Endebess, wameshiba.

Hospitalini Kitale mguu uliokolewa. Huko Mabanga wazee wa ukoo walisema lazima mbuzi achinjwe ili aibu iliyofanyika msituni ioshwe, na Rosaline alikubali mbuzi. Siku ya Wamalwa kutoka, Kiptum alikuja na pikapu ya kuazima. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Wamalwa, mkono mmoja kwenye mkongojo, alizunguka gari na kuanza kupanda nyuma.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Rosaline alisogea hadi katikati, akapiga kiti kwa kiganja.

"Ingia."

"Mama, watu wataona."

"Na waone." Alinusa vidole vyake, akakunja uso, akavipangusa kwenye leso mpya kama alivyofanya kila siku tangu msituni. "Huo uchafu wako wote nimeushika. Umebaki upi wa kunificha huko nyuma?"

Wamalwa akazunguka tena, akaingia, akafunga mlango. Mvua ikaanza kupiga kioo.