Unga Ulionuka Yai Viza

Kuku thelathini na saba walikuwa wamelala chini katika chumba cha kushoto cha banda, miguu juu, wamekufa wote. Katika chumba cha kulia wenzao walikuwa wazima, wakipigania chakula kama vile msiba haukuwahusu.

Ilikuwa Mboko, kando ya Ziwa Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji, mwaka 1956. Inspekta Assani alikuwa ametoka Baraka alfajiri na lori la pamba, lile la zamani zile, lililosimama kila kijiji ili dereva asalimie watu. Siku hizi hakuna tena dereva wa namna hiyo.

Mwenye shamba, Mbelgiji aitwaye Delvigne, alikuwa mwekundu kwa hasira.

"Ufunguo anao Alphonse peke yake," alisema. "Na alisema mbele ya watu kwamba kuku wangu wanakula kuliko watoto wao."

Alphonse, mlisha kuku, alikuwa ameshafungwa kamba kwenye nguzo ya ghala. Lori la mchana lingempeleka gereza la Uvira.

"Ulisema hivyo?" Inspekta alimuuliza.

"Nilisema, Bwana Inspekta. Na ni kweli. Lakini kuku mi sikuua. Ni mi nilibalisha toka vifaranga."

"Jana walikuwaje?"

"Banakunywa maji tu. Najaza, banamaliza. Najaza tena, banamaliza."

"Kisha?"

"Kuhara. Asubui nakuta bamekufa."

Eugène, msaidizi wa daktari wa mifugo kutoka Fizi, alimpasua mmoja juu ya jani la mgomba. Utumbo ulikuwa mwekundu, umevimba, umejaa maji.

"Sumu?" Inspekta aliuliza.

"Labda. Lakini sumu gani inaleta kiu namna hii?"

Inspekta alimgeukia Delvigne. "Vyumba hivi viwili vinatofautiana nini?"

"Unga wa kopo hili. Wa kushoto wanapata, wa kulia hawapati. Ni amino asidi, imetoka Ulaya. Kuku akila muhogo na mahindi matupu, nyama haijengeki vizuri, kama ukuta uliopungukiwa tofali. Unga huu ndio tofali lenyewe. Niliwaeleza wafanyakazi wote na wake zao siku nilipofungua kopo."

"Unanukaje?"

"Vibaya. Kama yai viza."

Inspekta aliinama akanusa. Hakusikia harufu yoyote. Alichovya kidole, akaramba, akatema.

"Bwana, hii ni chumvi."

Delvigne alionja naye, akatema mate.

"Mtu ameiba unga, akajaza chumvi ili kopo lisionekane tupu," Inspekta alisema. "Alphonse, nani mwingine anaingia humu?"

"Hakuna muntu."

"Chakula cha mchana anakuletea nani?"

Alphonse alitazama chini. "Muke wangu. Lakini yeye..."

Nyumba ya Alphonse ilikuwa nyuma ya shamba la muhogo. Mlangoni aliketi mama yake, Godelieve, akimenya mihogo. Ndani, mkewe Constance alikuwa amempakata mtoto wao Jacques, wa miaka minne: nywele nyekundu, miguu imevimba, macho hayana hamu na kitu. Constance alipomwona Inspekta, alimpangusa mtoto mdomo upesi kwa pembe ya kitenge.

Inspekta alisimama palepale.

Mkono ule aliujua. Ulikuwa wa mama yake, Saumu, jikoni kwao Baraka, ndagala, vile visamaki vya ziwani, zikinukia mchangani huko nje. Mama alikuwa akificha yai kwenye majivu ya moto, anamlisha upesiupesi, na bibi akikohoa tu uani, pembe ya kanga inapita mdomoni. Saumu alikuwa kaburini mwaka wa sita. Assani angetoa cheo chake chote ili apanguswe mdomo hivyo mara moja tena.

"Mama Jacques," alisema taratibu, "nipe kikombe hicho."

Alinusa uji uliobaki. Yai viza.

Godelieve naye alisikia harufu, akasimama. "Yai! Umemupa mutoto yai? Sikukuambia? Mutoto akikula yai anakuwa mwizi!"

"Siyo yai, mama mukwe." Constance alianza kulia. "Ni ile unga ya Bwana."

"Uliitoa lini?" Inspekta aliuliza.

"Juzi. Alphonse alikuwa anakula, hakuona."

"Na chumvi?"

"Ni nyeupe pia. Mbuzi banapenda chumvi, nikazani na kuku ni vile."

"Kwa nini uliiba?"

"Mutoto anaisha, Bwana Inspekta. Kila siku muhogo. Bwana alisema ile unga inajenga nyama ya mwili. Yai balinikataza. Sikutaka mutoto wangu akuwe mwizi." Alifuta machozi kwa kiganja. "Sasa mwizi ni miye."

"Mumeo wanampeleka Uvira leo."

"Najua. Nilikuwa nakuja kusema. Nilitaka tu amalize kikombe."

Inspekta alimwita Eugène, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni. "Nenda, Alphonse afunguliwe." Akamgeukia Constance. "Jumatatu utasimama barazani Fizi, mbele ya hakimu. Nitaandika ulichofanya, na nitaandika sababu. Leo mtoto anakwenda zahanati kwa masista. Unga huu wa kuku usimpe tena. Anataka chakula: ndagala, maharagwe, yai."

Chini ya kitanda kuku wa kienyeji alikuwa ameatamia. Inspekta aliinama, akadonolewa, akatoka na yai moja, akaliangalia kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hili bado bichi, halina kifaranga. Lichemshe."

"Atakuwa mwizi!" Godelieve alipiga kelele.

"Mama, mi nilikula mayai utoto wangu wote, nyuma ya mugongo ya bibi yangu. Leo mi si mwizi, ni mi nakamata bezi."

Godelieve alirudi kwenye mihogo yake.

Yai liliiva. Jacques alikula polepole, kisha haraka, mpaka kiini kikamganda kidevuni. Nje, kamba ingali mkononi, Alphonse alikuwa anakuja mbio. Constance alisikia hatua, akainua pembe ya kitenge.

Inspekta Assani alimshika mkono.

"Wacha," alisema. "Usimupanguse."