Bima Iliyoishia Juu ya Maji

Hoo... shaa. Hoo... shaa.

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya nyumba ya Salehe, hapa Sofu, asubuhi moja tulivu ambayo hata majogoo walikuwa wamekwisha kunyamaza. Nilikuwa napita na jembe begani kwenda shamba la kijiji. Nikasimama. Bibi Tatu, jirani yao, alikuwa amenitangulia kusikiliza, akasema hiyo ni pumu. Mwingine akasema ni joka limeingia kwenye pipa la maji. Tulikuwa tunatafuta magongo pale Sikuzani, mkewe Salehe, alipotokea mlangoni na unga mikononi.

"Msimpige," akasema. "Huyo ni mume wangu, anajifunza kupumua."

Ndugu zangu wa Kibaha na Kisarawe, nawasimulia jambo hili kwa sababu nimechoka kuona watu wazima wanaweka kidole gumba kwenye karatasi huku wanacheka. Salehe tunamjua. Kazi yake ilikuwa kuzama mtoni Ruvu na kung'oa magugu yaliyoziba mdomo wa pampu, na mafundi wa pale walimfundisha kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Mwaka ule, vijiji vyetu vya ujamaa vikiwa vipya, bado vinanuka miti mibichi, aliitwa kisiwani Mafia akawasaidie wataalamu waliohesabu samaki na matumbawe. Kibarua cha msimu mmoja. Wakamwazima mtungi mkuukuu ajikumbushe, naye akajikumbusha ndani ya pipa la mkewe, magoti yakigusa kidevu.

Sikuzani hakumzuia. Alitoa sharti moja tu: asiondoke bila bima itakayomfuata mpaka chini ya maji. Sharti hilo halikutoka hewani. Kwao Kisarawe yuko Zahoro, aliyefanya kazi kama hiyo msimu uliopita. Siku moja aliogopa huko chini, akapanda juu kwa pupa, hewa aliyoivuta kule kinani ikamgeukia mwilini, na miguu ikakataa kuamka mpaka leo. Bima alikuwa nayo, lakini ilikuwa ya safari tu. Walipokwenda kudai waliambiwa safari yake ilifika salama.

Basi akaja wakala wa bima, Wilfred, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Tumbi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Mnyamwezi na Mzaramo kama Salehe ni watani, na watani hawa wakikutana hata salamu inageuka matusi. Sikuzani alikuwa jikoni. Alisikia vicheko, akajua shughuli inakwenda vizuri.

Wilfred aliuliza safari ni ya nini. Salehe akamjibu ukweli mtupu, kwamba anakwenda kubeba mtungi mgongoni na kutembea chini ya bahari.

"Tangu lini Mzaramo akabeba mzigo mgongoni?" Wilfred akasema. "Hiyo kazi ni yetu."

Wakacheka mpaka kalamu ikaanguka. Wilfred akaandika: safari ya Mafia, kwenda na kurudi. Salehe akatia sahihi, akamwita Wilfred mpagazi, kama babu zake waliobeba mizigo ya misafara, wakaagana. Hakuuliza hata swali moja. Wewe unayesoma, usimcheke bado. Jiulize kwanza mara ya mwisho ulipotia sahihi uliuliza nini.

Ikafika siku ya kumuaga, meli ikiwa ni ya kesho yake jioni. Sikuzani alipika ubwabwa na kuku. Wilfred hakualikwa, lakini mtani haalikwi. Alikuja na baiskeli yake, akaingia moja kwa moja kwenye sufuria, akatoka na paja. Alikuwa analitafuna aliposikia nyuma ya nyumba: hoo... shaa. Akaenda kuchungulia. Maji ya pipa yakafunguka, akatoka Salehe na miwani mikubwa usoni, mpira mdomoni, mtungi mgongoni.

Paja likabaki hewani.

"Kumbe ni kweli," Wilfred akasema.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia kwa utani."

"Nilikwambia kwa Kiswahili. Utani uliuleta wewe."

Wilfred akaketi juu ya kinu. Akaeleza polepole kwamba bima aliyomwandikia inamlinda ndani ya gari na ndani ya meli, na hata sanduku lake likipotea. Lakini akitumbukia majini kwa hiari yake, bima inabaki juu inamsubiri. Ya kuzamia ipo, ila ni nyingine, ada yake ni kubwa zaidi, na lazima daktari ampime kwanza masikio na kifua.

Kiburi kikampanda Salehe. Akasema atakwenda hivyo hivyo, maana asipopanda meli ya kesho nafasi yake atapewa mwingine. Sikuzani hakubishana. Alikwenda akakalia sanduku la safari la mumewe.

"Mke wa Zahoro humwinua mumewe kila asubuhi amweke kwenye mkeka," akasema. "Mimi mgongo huo sina, Salehe. Ukitaka sanduku, ninyanyue na mimi."

Salehe alitazama maji yakichuruzika kwenye miguu yake mwenyewe. Kisha akavua mtungi.

Wilfred akaweka paja chini. "Leo utani umelala," akasema. "Mimi ni mtu wa bima. Unashuka kina gani? Nani anashuka nawe? Ukiumia, nani anakutoa kisiwani?"

Salehe akajibu yote, na safari hii Wilfred hakucheka. Akampakia nyuma ya baiskeli, wakaenda kwa daktari. Bibi Tatu akapaza sauti kwamba hatimaye Mnyamwezi amepata mzigo wake. Usiku ulipoingia walikuwa wamerudi na cheti, na kesho yake asubuhi wakapitia ofisi ya bima kabla ya saa nne. Waliporudi nyumbani, hati mpya Wilfred aliisoma kwa sauti mbele ya Sikuzani, neno kwa neno. Italipa matibabu, italipa kumrudisha nyumbani, mradi asizidi kina cha mita ishirini.

"Mita ishirini ni kiasi gani?" Sikuzani akauliza.

Wilfred akaangaza macho, akaonyesha mnazi uliokuwa pembeni mwa nyumba, kuanzia shinani hadi kwenye makuti.

FUNZO

Bima hainunuliwi kwa jina lake. Inanunuliwa kwa hatari unayoiendea. Itaje hatari hiyo, uhakikishe imeandikwa, kisha uulize bima inaishia wapi. Nami nawaachia ubeti mmoja mkauimbe mashambani:

Ukienda kwenye bima, sema kazi waziwazi,
Taja kina cha kuzama, usijifanye mjuzi,
Uliza pa kusimama, pasipofika ulinzi,
Utani ni kitu chema, usivuruge ya kazi.

Mchana ule tulimsindikiza Salehe hadi barabarani. Kabla ya kutoka uani, Sikuzani alimshika mkono, akampeleka kwenye ule mnazi, akauweka mkono wake juu ya gome. Salehe akainua macho mpaka kwenye makuti, akayateremsha taratibu hadi kwenye mizizi.

"Mnazi mmoja, Sikuzani," akasema, sote tukisikia. "Hata nikiona lulu chini ya mizizi yake, nitaiacha. Na kupanda, nitapanda polepole."