Aliniuliza Gizani, Nikanyamaza

Nina miaka ishirini na minne. Ninaishi Mbarara, ndani ya kambi ya jeshi, ingawa mimi si askari wala mke wa askari. Ninafua, ninapika na kulea watoto wa watu. Shule niliiacha darasa la sita, na kalamu yangu inakwenda polepole, kwa hiyo ndugu wasomaji mnivumilie. Haya nimeyaandika Jumapili nyingi, mstari mmoja mmoja, na mara nyingine machozi yaliniambia niache.

Jina langu ni Neema. Mimi na mama yangu tulitoka Kivu ya Kusini nikiwa mtoto mdogo. Baba alibaki njiani, na kaburi lake hatulijui. Hapa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tulipewa kiwanja, tukajenga nyumba ya udongo, mama akawa analima maharagwe na kuuza unga wa muhogo.

Tangu utoto nilikuwa mtu wa haya. Mgeni akinisalimu, nilijibu nikitazama chini. Ni kanisani tu ambako sikuogopa. Niliimba alto, bega kwa bega na rafiki yangu Esta, na sauti yangu ikishajificha katikati ya sauti za wengine ilitoka bila woga.

Esta yeye hakujua haya ni nini. Nikitaka chumvi kwa jirani, Esta aliniombea. Mtu akinikosea, Esta alinisemea. Nilimfanya kuwa kinywa changu... Laiti ningejua!

Karibu na soko kulikuwa na banda la video, mabati juu na turubai pembeni, jenereta ikinguruma nyuma. Mkalimani wa filamu pale alikuwa kijana wa kwetu, Safari. Wazungu walisema ya kwao, naye akishika kipaza sauti aliwasemea kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Aliwasemea wanaume, wanawake, watoto, hata mbwa! Watu walilipa kumsikiliza yeye zaidi ya kutazama picha.

Filamu niliyoipenda ilikuwa ya zamani, rangi zake zimeshapauka. Ilihusu vijana wa shule moja wanakofundishwa kuimba, kucheza ngoma na kupiga vyombo. Mimi niliyeacha darasa la sita nilishangaa. Kumbe kuna shule ambayo mtihani wake ni kuimba? Katika vijana hao alikuwemo msichana mmoja mwenye haya, aliyejificha nyuma ya kinanda mpaka mwalimu akamvuta mkono. Nilimwona kama mimi mwenyewe.

Safari naye alituona hivyo. Siku moja, bila kuniambia, alimpa msichana yule jina langu. Banda zima liligeuka kunitazama! Tangu hapo kila filamu ile ilipoonyeshwa, msichana wa kinanda aliitwa Neema.

Kuna mahali ambapo kijana mpiga tarumbeta anamsubiri msichana kwenye ngazi za shule, na kumwambia maneno mengi. Hapo Safari alishusha sauti. Akasema taratibu, maneno yakitoka katika mdomo wa yule mzungu, "Neema, miye nakupenda. Utanikubali ao hapana?"

Kisha akanyamaza. Banda lote likanyamaza, likinisubiri. Nilijifunika uso kwa kitenge mpaka puani. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Wee Safari, usimuue mutoto wa batu." Watu wakacheka mpaka benchi zikalia.

Kwetu msichana mwenye adabu akiulizwa hasemi ndiyo. Hunyamaza. Kunyamaza ndiko kukubali kwake, na kila mtu anajua. Hata hivyo, tulipotoka, nilimwomba Esta anisaidie. Nilimwambia amfikishie Safari kwamba moyo wangu umekubali. Esta alinifinya shavu, akasema nisihangaike, jambo hilo amelichukua yeye.

Basi nikajihesabu mchumba wa mtu.

Mama hakufurahi. Alisema, "Huyu mutu anakuja na sauti tu. Miguu yake haiyafika kwetu hata siku moja." Nilimwona mama kama mtu wa zamani asiyejua mapenzi. Safari hakuleta wazee, hakuleta hata kilo ya sukari, lakini si alinitaja mbele ya watu wote? Ningetaka ushahidi gani tena?

Kisha akaja mwanaume mwingine, Mkongomani mwenzetu aliyekodi shamba Rugaaga. Alikuja mchana, na wajomba zake wawili na mbuzi. Aliongea machache, akizitazama sugu za mikono yake. Nilikimbilia jikoni nikamtuma mama akaseme nina mtu. Mama aliniuliza, "Mutu gani? Yule wa sinema?" Nikachochea moto. Mbuzi akarudishwa. Mama aliinama kwa aibu mbele ya wale wazee, na picha hiyo hainitoki hadi leo.

Mwaka ule ule Safari alipotea bandani kwa wiki kadhaa. Esta aliniletea habari kwamba yuko Mbarara hospitalini, anamuuguza mjomba wake. Nikafunga na kumwombea mjomba. Esta naye hakuwa akionekana sana, kwani alikuwa ameanza kuuza vitenge katika gulio la Kabingo.

Baadaye alinijia jioni, macho hayatulii. Alisema faili ya Safari ya kuhamia ng'ambo imekubaliwa, anapelekwa nchi ya mbali, ila nisilie, atatangulia kisha ataniita. Akaniambia na yeye anahamia kwa shangazi yake Bwizibwera kufanya biashara ya maziwa. Tuliagana tukiwa tumekumbatiana. Nilimshukuru! Ndugu wasomaji, nilimshukuru...

Nikasubiri. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Mjomba wa Safari alikaa upande wa pili wa makazi, nami kwa haya zangu sikwenda kumuuliza hata mara moja. Wanawake sokoni walikuwa wakinitazama kisha wanabadilisha maneno. Sasa najua walijua. Walinihurumia, wakanyamaza.

Mama akaugua, akakonda, akafa. Siku zake za mwisho aliniuliza kama yule mtu ameniita. Nikasema bado. Akageukia ukuta.

Baada ya mazishi nilipata kazi hapa kambini kwa Mama Brayani, mke wa sajini, Mganda mwenye kelele nyingi na moyo mwema. Jumapili moja alasiri nilikuwa nikipiga pasi nguo za mumewe. Watoto walikuwa wamenunua sidii ya filamu mjini, wakaiweka.

Nikasikia, "Batu ya Kabingo, mupo?"

Ilikuwa sauti ya Safari.

Nikaiacha pasi juu ya shati. Kwenye kioo cha televisheni niliona shule ile ile, kinanda kile kile, rangi zimepauka kuliko zamani. Safari alikuwa amerekodi onyesho zima ili auze. Mvua ilisikika ikipiga mabati, mtoto akikohoa, watu wakicheka. Kabingo? Aliwahi lini kwenda Kabingo? Nilivyojua, aliondoka Nakivale mara moja tu, alipokuwa akimuuguza mjomba...

Wakafika kwenye ngazi. Sauti ikashuka, vile vile kama zamani. "Esta, miye nakupenda. Utanikubali ao hapana?"

Na kutoka gizani, katikati ya ile mvua, sauti ya alto niliyoimba nayo miaka yote ikajibu bila kutetemeka. "Nakukubali, Safari."

Vigelegele vikalipuka.

Lakini kilichonikausha damu ni kingine. Siku zote pale ngazini nilikuwa nimefunika uso, sikuwahi kuona kinachofuata. Sasa niliona. Yule msichana mwenye haya hakunyamaza! Midomo yake ilisogea. Alitikisa kichwa, akasema neno fupi, akapanda ngazi kurudi darasani peke yake. Alikuwa na jibu lake mwenyewe, na Safari hakulitafsiri kamwe.

"Wewe Neema, nini mbaya na wewe? Shati ya afande naungua," Mama Brayani alisema, akaninyang'anya pasi. Alipoona uso wangu alizima televisheni.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Nakivale moja kwa moja kwa yule mjomba. Nilimkuta mzima, anapalilia mahindi. Hospitali? Hajawahi kulazwa. Safari alisafiri na mke wake, Esta, wakiwa katika faili moja. Mzee alinionea huruma, akanipa namba ya simu.

Nilipiga mchana, nimesimama barabarani. Safari alinitambua. Akasema, "Neema, nilikuuliza mbele ya batu bote. Haukunijibu."

Mtoto wa kwetu, aliyelelewa na mama wa kwetu! Hakujua maana ya kunyamaza? Alijua. Alijua kabisa. Nyuma yake nilisikia mwanamke akimbembeleza mtoto kwa wimbo, nikaitambua sauti.

Nikamwambia, "Nilikukubali, na ulijua." Nikakata simu. Ndiyo maneno pekee niliyowahi kumwambia mtu yule kwa kinywa changu.

Msidhani nimepona. Watoto bado wanaweka sidii ile nikiwa nimekwenda bombani, nami hurudi na jerikeni kichwani nikikuta sauti yake imejaa nyumba. Nakuta mvua ya Kabingo inanyesha juani. Mwanaume wa Rugaaga ameoa, ana watoto. Mama yuko chini ya udongo na jibu nililompa la "bado".

Juzi muuza mikate wa getini alimtuma Mama Brayani kwangu kwa siri, eti ananipenda. Nilimwambia Mama Brayani amrudishie salamu, na kwamba mlango wangu haufungwi mchana, aje aseme mwenyewe. Hajaja bado. Asipokuja, basi.

Dada zangu, msijenge nyumba juu ya maneno mliyoambiwa gizani kwa kinywa cha mwingine. Anayekutaka aje na miguu yake, jua likiwaka, awaone wazazi wako. Na wewe unayeulizwa, nakusihi, usimtume rafiki. Jibu. Hata sauti ikitetemeka, hata watu wakicheka, jibu mwenyewe.